Ulaini wa Nguo na Historia Yake: Kutoka Sabuni ya Mawese hadi Mipira ya Sufu

Utangulizi

Mama yangu mdogo anaishi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi yake ni kufulia watu nguo. Anafua kwa mikono, akitumia mabeseni matatu: la kwanza la sabuni, la pili na la tatu ya kusuuzia. Miaka michache iliyopita mteja wake mmoja alimpa chupa ya kilainishi cha nguo iliyoletwa kutoka ng'ambo. Maandishi ya chupa hiyo yalikuwa katika lugha asiyoijua. Akafanya kama ambavyo wengi wangefanya: akakimimina katika beseni la kwanza, pamoja na sabuni ya unga, akidhani kwamba viwili vikikutana vitasaidiana. Povu likafa papo hapo. Maji yakawa mazito, na mashati meupe yakatoka na mabaka yanayoteleza kama yamepakwa mafuta. Mama mwenye nyumba akasema nguo zake zimeharibiwa, na malipo ya wiki ile hayakutolewa.

Nilipoanza kusoma historia ya vitu vya nyumbani, kisa hicho kilinirudia. Je, kosa lilikuwa la nani? Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Chupa ile nayo iliundwa mahali fulani, kwa watu fulani, ili kutatua shida fulani ambayo haikuwa ya mama mdogo. Insha hii inafuatilia historia ya kulainisha nguo: sabuni, sabuni ya unga, kilainishi cha maji, karatasi za mashine ya kukaushia, na hatimaye siki na mipira ya sufu ambayo siku hizi inasifiwa kuwa mbadala wa vilainishi. Hoja yangu ni kwamba kila dawa katika mlolongo huu ilizaliwa na shida iliyoachwa na dawa iliyotangulia. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama dawa fulani inamfaa, aulize kwanza kama ugonjwa wake anao.

Sabuni, mawese na maji magumu

Sabuni hupatikana kwa kuunganisha mafuta na alikali. Zamani alikali ilitoka katika majivu, na sabuni ilikuwa kitu cha kutengenezwa kidogo kidogo. Mambo yalibadilika Ulaya baada ya Nicolas Leblanc, Mfaransa, kupata hataza mwaka 1791 kwa njia yake ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Mfaransa mwingine, Michel Eugène Chevreul, alichapisha mwaka 1823 utafiti wake juu ya mafuta ya wanyama, akaeleza kikemia kile kinachotokea mafuta yanapogeuka sabuni. Kuanzia hapo sabuni ikawa bidhaa ya kiwanda.

Viwanda vilihitaji mafuta mengi. Nchini Uingereza, William Lever alianzisha sabuni ya Sunlight mwaka 1884, na mwaka 1888 ujenzi wa mji wa wafanyakazi wake, Port Sunlight, ukaanza. Sabuni hiyo ilitegemea sana mafuta ya mimea, na Lever akayatafuta mafuta hayo Afrika. Mwaka 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo ya Wabelgiji. Kampuni iliyoanzishwa iliitwa Huileries du Congo Belge, na kituo chake kikuu kando ya mto Kwilu kikapewa jina la Leverville, mahali ambapo leo panaitwa Lusanga. Mwanahistoria wa Kibelgiji Jules Marchal ameonyesha jinsi watu walivyolazimishwa kukata mikungu ya michikichi katika maeneo hayo. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na uasi wao ukazimwa kwa damu. Hivyo basi, kabla chupa ya kilainishi haijafika kwetu, ukanda wetu ulikuwa tayari umeingia katika historia ya nguo safi za Ulaya, kupitia mafuta na jasho.

Rumonge nako ni nchi ya michikichi, na sabuni ya mawese ni kitu tunachokijua tangu utotoni. Pamoja na uzuri wake, sabuni yoyote ya mafuta ina udhaifu mmoja: haipatani na maji magumu. Maji magumu ni yale yenye kalisi na magnesi nyingi. Sabuni ikikutana na madini hayo, sehemu yake hugeuka utando mweupe usioyeyuka, unaoelea juu ya beseni na kunata katika nyuzi za nguo. Nguo ikikauka huwa ngumu, na nyeupe huanza kufifia na kuwa na rangi ya kijivu.

Ziwa Tanganyika lina maji ya namna hiyo. Magnesi ni nyingi na maji yenyewe yana alikali. Ndiyo maana bibi yangu, ambaye hakusoma kemia, aliweka pipa chini ya bati na kusema kwamba maji ya mvua "yanapenda sabuni." Maji ya mvua hayana madini mengi, kwa hiyo povu huja upesi na utando hauonekani. Pale mvua ilipokosekana, aliongeza ndimu katika beseni la mwisho. Asidi ya ndimu hupunguza alikali na kuondoa sehemu ya mabaki hayo. Nakitaja kisa hiki kwa sababu tutakikuta tena mbele, kikiwa na jina jipya.

Sabuni ya unga na kuzaliwa kwa kilainishi

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilipungukiwa na mafuta, na wanakemia wake wakatafuta kitu cha kusafishia kisichohitaji mafuta ya kula. Jitihada hizo zilifungua njia ya sabuni za kemikali. Nchini Marekani kampuni ya Procter & Gamble ilitoa Dreft mwaka 1933, kisha Tide mwaka 1946. Tide iliongezewa fosfeti ili kuyashinda maji magumu, ikaweza kusafisha nguo zenye uchafu mzito bila kuacha utando. Kufikia mwaka 1953 sabuni za aina hii zilikuwa zimezidi sabuni ya kawaida kwa mauzo nchini Marekani.

Shida ya utando ikaondoka, ikaja nyingine. Sabuni mpya ilisafisha nguo kupita kiasi, ikang'oa hata mafuta kidogo yaliyokuwa yakizipa nyuzi ulaini. Taulo za pamba zilikauka zikiwa kavu na za kukwaruza. Kwa nini pamba safi iliyoanikwa iwe ngumu hivyo? Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitoa maelezo: kiasi kidogo cha maji hubaki juu ya nyuzi hata baada ya nguo kukauka, nayo hufanya kazi kama gundi kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana taulo ngumu ikipigwapigwa au kusuguliwa hulainika. Gundi ile imevunjwa.

Wenye viwanda vya nguo walikuwa wamezoea kulainisha vitambaa kwa mchanganyiko wa maji, sabuni na mafuta. Kilainishi cha nyumbani kilitumia kitu chenye nguvu zaidi: molekuli zenye chaji chanya na mikia miwili mirefu ya mafuta. Kwa miaka mingi mikia hiyo ilitengenezwa hasa kwa mafuta ya ng'ombe. Pamba ikiwa ndani ya maji huwa na chaji hasi, kwa hiyo molekuli hizo huvutwa na kulala juu ya nyuzi, mikia ikielekea nje. Mkono ukigusa nguo, unagusa tabaka jembamba la mafuta. Nchini Marekani Downy ilianza mwaka 1960. Ujerumani ikapata Lenor mwaka 1963. Uingereza ikapata Comfort mwaka 1969.

Hapa tumefika kwenye beseni la mama mdogo. Sabuni nyingi za unga zina chaji hasi, na kilainishi kina chaji chanya. Vikikutana katika maji yale yale, hushikana vyenyewe badala ya kushika uchafu au nguo. Sabuni hupoteza nguvu, kilainishi hupoteza kazi, na kinachobaki ni mabonge laini yanayoacha mabaka. Kwa sababu hiyo kilainishi hutiwa katika maji ya mwisho, baada ya sabuni kuondolewa kabisa. Mama mdogo hakuharibu nguo kwa uzembe. Alipewa kitu kilichoundwa kwa utaratibu ambao hakuna aliyemweleza.

Mashine ya kukaushia na karatasi zake

Hata Marekani kwenyewe utaratibu huo ulisumbua. Mashine za kwanza hazikuwa zote na kitundu cha kumimina kilainishi chenyewe kwa wakati wake. Aliyefua, ambaye mara nyingi alikuwa mke, alilazimika kusikiliza mashine na kukimbilia chumba cha kufulia kabla ya maji ya mwisho kuisha. Akichelewa, huanza kusuuza upya.

Wakati huohuo nguo zilikuwa zikihama kutoka kwenye kamba. Mnamo mwaka 1800 Mfaransa aliyeitwa Pochon alibuni pipa la chuma lenye matundu, lililozungushwa kwa mkono juu ya moto. Mwaka 1892 George T. Sampson, Mmarekani Mweusi, alipata hataza ya fremu ya kuanikia nguo karibu na jiko. J. Ross Moore wa North Dakota, ambako majira ya baridi hugandisha nguo kambani, alihangaika kwa miaka mingi na mashine yake mpaka mwaka 1938, kampuni ya Hamilton ilipoanza kuiuza. Ni vizuri kukumbuka hali ya hewa iliyozaa mashine hiyo. Moore hakuwa na jua la Rumonge.

Mashine ya kukaushia ilitatua sehemu ya tatizo la ugumu. Ngoma yake ikizunguka, nguo hupigwapigwa na nyuzi hazipati nafasi ya kugandamana. Lakini msuguano katika hewa kavu na ya moto ulileta umeme tuli, hasa kwa nailoni na poliesta, nyuzi za kemikali zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Soksi ziling'ang'ania mashati, na magauni yakanasa miguuni. Kilainishi kikapata kazi ya pili, kwa kuwa tabaka lake hupunguza umeme huo.

Ndipo akaja Conrad Gaiser. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na kumwona mke wake akikimbilia maji ya mwisho, akafikiria kupaka kilainishi katika kitambaa kinachoweza kutupwa ndani ya mashine ya kukaushia. Joto lingeyeyusha kilainishi na mzunguko ungekisambaza. Alipata hataza mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 Procter & Gamble ikaeneza wazo hilo kwa jina la Bounce. Mbio za kwenda chumba cha kufulia zikaisha. Badala yake ukaanza ununuzi wa karatasi zinazotumika mara moja na kutupwa.

Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983, alionyesha kwamba mashine za nyumbani za Marekani hazikuwapunguzia akina mama saa za kazi kama ilivyodhaniwa. Mashine ilipofanya kufua kuwe rahisi, nguo zilifuliwa mara nyingi zaidi, na kiwango cha usafi kilichotarajiwa kikapanda. Naona kilainishi kinathibitisha hoja yake. Zamani ilitosha nguo iwe safi. Sasa ilipaswa pia iwe laini, isiwe na umeme, na inukie siku kadhaa.

Mashaka, siki na mipira ya sufu

Mashaka juu ya kilainishi yalitoka pande kadhaa. La kwanza lilionekana bafuni: tabaka la mafuta lililoifanya taulo kuwa laini liliifanya pia isinyonye maji vizuri. La pili lilihusu moto. Marekani iliweka kanuni za kuzuia nguo za kulalia za watoto zisishike moto upesi, na lebo za nguo hizo huonya zisitiwe kilainishi, kwa kuwa mabaki yake hudhoofisha kinga hiyo. La tatu lilihusu maji. Kilainishi cha zamani cha mafuta ya ng'ombe kilioza polepole mno kikishafika mitoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Ulaya vilikiacha na kutumia molekuli zenye kiungo kinachovunjika kwa urahisi zaidi. Kuna pia watu ambao ngozi au pumzi yao haivumilii manukato.

Kutokana na mashaka hayo watu wakaanza kutafuta mbadala. Wa kwanza ni siki nyeupe, inayotiwa kidogo katika maji ya mwisho. Asidi yake hupunguza alikali iliyobaki na kuyeyusha sehemu ya chokaa na mabaki ya sabuni. Tofauti na kilainishi, haipaki kitu juu ya nguo. Hii ni ndimu ya bibi yangu iliyorudi kupitia mlango mwingine. Onyo moja ni lazima: siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Mbadala wa pili ni mipira ya mashine ya kukaushia. Waliokuwa na makoti yaliyojazwa manyoya ya bata walijua zamani kwamba mipira michache ya tenisi ndani ya mashine huzuia manyoya yasigande. Ikafuata mipira ya plastiki yenye vinundu, kisha ya sufu. Mpira wa sufu unategemea tabia ya kale ya sufu: uzi wake una magamba madogo, na ukipata joto, unyevu na msukosuko, magamba hushikana yasiachane tena. Sweta likifuliwa vibaya hufanya hivyo likasinyaa, na huwa ni hasara. Mpira wa uzi ukifanyiwa hivyo makusudi huwa mgumu na hudumu muda mrefu.

Kazi ya mpira ni ya kimwili tu. Unajipenyeza kati ya nguo, unazitenganisha ili hewa ya moto ipite, na unazipigapiga. Nyuzi zinalainika bila kupakwa mafuta. Kwa upande wa umeme tuli, uwezo wake ni mdogo. Linalosaidia zaidi ni kutokaushia nguo kupita kiasi na kutenga za kemikali na za pamba. Mpira pia hauondoi mabaki ya sabuni. Ambaye nguo zake ni ngumu kwa sababu ya maji magumu au sabuni nyingi, hata akitia mipira kumi, mabaki yatakuwa palepale.

Hitimisho

Tumeona mlolongo mrefu. Sabuni iliacha utando katika maji magumu. Sabuni ya unga ikaondoa utando, ikaiacha pamba kavu. Kilainishi kikatuliza ukavu, kikadai mbio za maji ya mwisho, na kikapunguza unyonyaji wa taulo. Karatasi zikamaliza mbio, zikaleta taka. Siki na mipira ya sufu zinarudisha watu nyuma hatua mbili tatu, kwenye asidi kidogo na kipigo kidogo.

Je, sisi tuko wapi katika mlolongo huo? Wengi wetu katika maziwa makuu tunafua kwa mikono na kuanika juani. Mpira wa sufu bila mashine ya kukaushia ni mpira wa kuchezea watoto. Shida zetu ni mbili ambazo mlolongo ulianza nazo: maji magumu na mabaki ya sabuni. Dawa yake ni sabuni ya kiasi, kusuuza vizuri, maji ya mvua yakipatikana, ndimu au siki kidogo katika beseni la mwisho, na kukung'uta nguo kwa nguvu kabla ya kuanika na baada ya kuanua. Upepo wa ziwani hufanya kazi ambayo ngoma ya mashine hufanya kwa umeme. Anayependa harufu ya kilainishi hakatazwi, ila ajue kinakwenda beseni gani.

Kuna jambo la mwisho. Maji yetu ya kufulia huishia ziwani. Katika miaka ya 1960 fosfeti, zikiwamo za sabuni za unga, zilichangia kulisha mwani uliolidhoofisha Ziwa Erie, na mwaka 1972 Marekani na Kanada zikatia saini mkataba wa kulinda maziwa yao makubwa. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia tunalichangia Tanganyika, ziwa ambalo maji yake hukaa karne nyingi kabla hayajabadilika. Tukinunua kila chupa inayotangazwa bila kuuliza historia yake, tutalipa mara mbili, sokoni na ziwani.

Nilipomweleza mama mdogo habari ya chaji hasi na chaji chanya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, hawakunilipa kwa kosa la chupa." Nikamjibu kwamba ndivyo. Fedha zile hazitarudi. Lakini sasa mteja akimletea kitu kipya, huuliza kwanza, "Hiki kinakwenda beseni la ngapi?" Naona hilo ndilo swali ambalo sisi wanafunzi wa historia tungepaswa kuliuliza juu ya kila kitu kinacholetwa kwetu.